Mauaji yenye sababu ya kingono: ushahidi unafia wapi, eneo la tukio, mochwari au mahakamani?

#1 Jalada Wazi
Wakuu, salaam.

Mwanamke akiuawa na dalili zikaonyesha alishambuliwa kingono, kisha kesi ikashindikana, hapa Tanga hukumu ya barazani ni moja: polisi wamepewa chochote, au hakimu kalala. Mimi nabisha. Nyingi zimeshakufa kabla jalada halijapewa namba.

Sababu ya kingono haina shahidi wa macho. Inajengwa kwa vitu vidogo: mate yaliyokauka shingoni, unyevu kwenye nguo, unywele mmoja, namna kitufe kilivyong'oka. Vitu hivyo huondoka ndani ya saa chache. Watu mia wanauzunguka mwili, mwenye huruma anavua kanga yake anaufunika, unapakiwa nyuma ya pikapu, nguo zote zinaingia mfuko mmoja wa nailoni zikiwa mbichi, na ndugu wanataka kuzika kabla ya magharibi. Mfuko wa nailoni ulipigwa marufuku sokoni tangu Juni 2019, lakini kwenye vielelezo bado una wapenzi wake.

Anayebisha aje.

#2 Kahawa Chungu
Nimeshakaa na kashata zangu. Endeleeni.

#3 Mzee wa Mikoko
Jalada, umesahau adui mkubwa wa pwani, maji. Mwili ukikutwa kwenye mikoko, huna siku nzima ya kazi. Bamvua la Tanga, yaani maji makubwa, linapanda zaidi ya mita tatu, na kati ya maji kujaa na kutoka ni kama saa sita na robo. Ukisubiri mpiga picha atoke mjini, nyayo, alama za kuburuta na mahali mwili ulipolala vyote vimeoshwa. Jambo la kwanza ni kumwuliza mvuvi maji yako wapi sasa na yanarudi saa ngapi, uandike saa hiyo kwenye daftari, ndipo upange kazi. Lililo karibu na maji linaanza, la juu linasubiri.

Pili, mwili uliopita majini ukawa uchi hauthibitishi chochote. Mawimbi huvua nguo, hasa kanga, sketi na suruali pana. Na mwili ukianza kuvimba, vifungo vinakatika vyenyewe. Nguo zilizochanika zitazamwe uzi kwa uzi: zimekatwa kwa kisu, zimevutwa, au zimekwaruzwa na mizizi ya mikoko.

Tatu, saa ya kifo. Vitabu vya nchi za baridi vinapima joto la mwili. Hapa Januari mchana ni nyuzi 31 au 32, mwili ni 37, kwa hiyo unapima tofauti ya nyuzi tano tu. Hata kule kwenye baridi, njia hiyo ikifanywa vizuri hukosea karibu saa tatu kila upande. Hapa kwetu ni kamari, na kukakamaa nako huja mapema na kuondoka mapema. Bora funza wa nzi, urefu wao unaeleza umri wao: chukua wakubwa kuliko wote unaowaona, wengine wabaki hai, wengine uwachovye kwenye maji ya moto kisha uwaweke kwenye ethanoli ya asilimia 80. Ukiwatumbukiza kwenye ethanoli wakiwa hai wanasinyaa na kuwa weusi, urefu wao haupimiki tena. Na joto la mahali pale liandikwe, maana bila joto funza hana saa.

#4 Binti Mvuleni
Mzee wa Mikoko shikamoo. Sasa hao watu mia nani anawaondoa? Mwenyekiti wa mtaa anafika kabla ya polisi, na ndugu wakianza kulia hakuna wa kuwashika.

#5 Kipanga wa Chumbageni
Binti Mvuleni, mwenyekiti ndiye wa muhimu kuliko mpelelezi kwa nusu saa ile ya mwanzo. Kazi yake ni tatu tu: asiguse, asifunike, aandike majina ya waliofika kabla yake. Akitaka sitara ya marehemu, watu wasimame mbali wakiupa mwili mgongo, au washike mashuka wima kama ukuta. Kanga ya mtu ikishawekwa juu ya mwili imeleta nywele na jasho la nyumba nzima.

Mpelelezi akifika anachagua njia moja ya kuingilia na kutokea, ile ambayo muuaji hakuwa na sababu ya kuipita, anaiwekea kamba. Wote wapite hapo, pamoja na RCO (mkuu wa upelelezi wa mkoa) na waandishi wa habari. Eneo liwe pana, maana ni rahisi kulipunguza baadaye na huwezi kulipanua likishakanyagwa. Picha ni za aina tatu kwa kila kitu: ya mbali inayoonyesha mahali, ya kati inayoonyesha kitu na jirani zake, ya karibu mara mbili, bila rula na yenye rula. Ramani ya eneo ichorwe kwa kupima kutoka kwenye vitu visivyohama. Kwenye shamba la mkonge usipime kutoka kwenye mche, majani yake yakikatwa huutambui tena. Tumia nguzo ya umeme au daraja.

Kabla mwili haujainuliwa: mikono yote miwili ivikwe mifuko ya karatasi na kufungwa kwenye kifundo. Karatasi, narudia. Mwili uviringishwe kwenye shuka jipya safi, na shuka lenyewe ni kielelezo. Kama kuna kamba shingoni, fundo halifunguliwi na halikatwi. Unakata upande wa pili mbali na fundo, kisha unafunga ncha mbili ulizokata kwa uzi wa rangi nyingine ili ijulikane zipi umekata wewe. Fundo lina habari: baharia, mfunga mzigo wa mkonge na mchunga ng'ombe hawafungi sawa.

#6 Ustadh wa Makorora
Assalaam alaykum. Jalada Wazi, hapo kwa ndugu kuzika kabla ya magharibi umetusingizia. Mwili uliookotwa porini au ufukweni hauendi msikitini, unakwenda hospitali na polisi, na hauachiwi mpaka daktari amalize. Waislamu wa Tanga wanajua hivyo, na wengi huvumilia. Sheria ya Uchunguzi wa Vifo ipo na haimwulizi mtu dini yake. Usitufanye sisi kuwa sababu.

#7 Jalada Wazi
Ustadh, wa porini sawa. Mimi nina wasiwasi na wa chumbani. Binti wa kazi anakutwa amefariki kitandani, wenye nyumba wanasema alikuwa na kifafa, mtendaji anatoa kibali cha mazishi, anaoshwa, anazikwa alasiri. Hapo hakuna aliyemwita polisi.

#8 Ustadh wa Makorora
Hapo nakuelewa. Na kwenye kuosha, kinachopotea ni kikubwa: tumbo linakandamizwa taratibu ili kilichomo kitoke, sehemu za siri zinasafishwa, maji yanapita mwili mzima mara tatu au tano au saba, ya mkunazi mwanzo na ya kafuri mwisho, kisha pamba.

Lakini hao hao waosha maiti ndio watu wa kwanza kuona mwili bila nguo kwenye mwanga. Alama za vidole shingoni, michubuko ya mapajani kwa ndani, wao wanaona. Wengi wananyamaza kwa kuwa wamefundishwa kusitiri aibu ya maiti. Kusitiri ni kwa kasoro za maumbile na mabadiliko ya mauti, na damu iliyomwagwa ina mwenye kuidai. Mwosha maiti akiona shingo ina michirizi, aache maji, afunike, aite mtu mzima wa familia na mtendaji. Hili lingefundishwa kwenye madrasa za akina mama, faida yake ingezidi semina kumi za hotelini.

#9 Mkonge Mbichi
Mnazunguka bure. Maiti zinazookotwa mikokoni zinakuwa hazina midomo, hazina masikio, sehemu za siri zimenyofolewa. Hiyo ni biashara ya viungo, waganga. Mambo ya ngono ni kisingizio tu.

#10 Pamba Kavu
Mkonge Mbichi, kaa wala samaki hawana mganga. Viumbe wa majini huanza na sehemu laini zisizo na mfupa wala nguo nene: midomo, kope, masikio, sehemu za siri. Nchi kavu panya, siafu na mende wanafanya hivyo hivyo, na njia ya siafu kwenye ngozi huonekana kama michubuko au kama mtu kamwagiwa tindikali. Kuna namna ya kutofautisha. Jeraha la mtu aliye hai lina damu iliyopenya kwenye nyama za pembeni, na ukikata kipande ukakitazama kwa hadubini unakuta dalili za mwili kujibu. La baada ya kufa ni kavu, la njano, kingo zake zimetafunwa kidogo kidogo. Kisu huacha kingo nyoofu, na mara nyingi alama kwenye mfupa ulio chini.

Sisemi mauaji ya viungo hayapo. Nasema uamuzi huo unatoka mezani kwa daktari.

Kosa la kinyume chake nalo lipo: njia ya haja kubwa kuwa wazi. Mtu akifa misuli ile inalegea, na kwenye joto inaweza kuonekana imetanuka sana. Daktari asiyezoea anaandika "amelawitiwa". Bila mchaniko, damu iliyovilia au sampuli yenye majibu, sentensi hiyo haisimami, na wakili atamchezea daktari kizimbani.

#11 Binti Mvuleni
Pamba Kavu, sampuli zenyewe zinachukuliwaje? Watu tunasikia "vimepelekwa kwa Mkemia" kama vile kule kuna mashine inayoona kila kitu.

#12 Pamba Kavu
Mashine inaona ulichompelekea tu. Mpangilio ni huu.

Ngozi kabla ya matundu, na vyote kabla ya kuosha au kupasua. Mahali palipolambwa, palipobusiwa au palipong'atwa: kijiti cha pamba cha kwanza kiwe kimeloa maji safi ya maabara, zungusha bila kukandamiza, kisha kijiti kikavu cha pili juu ya pale pale. Vyote viwili ni sampuli moja. Baadaye mdomoni, kati ya fizi na shavu, kisha njia ya haja kubwa, kisha ukeni nje, chini na juu karibu na mlango wa kizazi. Vijiti viwili kila mahali. Ukianza ukeni ndipo uende nyuma, utasafirisha ulichokikuta mbele, na upande wa utetezi wataliuliza hilo mapema. Kucha zikatwe kila mkono na bahasha yake. Nywele za sehemu za siri zichanwe juu ya karatasi nyeupe, karatasi ikunjwe pamoja na kitana. Damu ya marehemu ya kulinganishia iende kwenye kadi maalumu au chupa yenye kifuniko cha zambarau.

Halafu kukausha. Hapa ndipo pwani inatuua. Unyevu wa Tanga ukifungia kijiti kibichi kwenye chupa ya plastiki, kesho kutwa ni ukungu na bakteria, DNA imekatwakatwa. Kianikwe kivulini mahali safi, saa moja au zaidi, feni isikipulize moja kwa moja, kisha bahasha ya karatasi. Nguo vivyo hivyo, kila nguo na karatasi yake, na doa lisigusane na doa lingine.

Muda: kwa mtu aliye hai, mbegu za kiume ukeni hupatikana mara nyingi ndani ya siku tatu, wakati mwingine tano, mara chache saba. Mdomoni ni siku moja au mbili. Kwa maiti hakuna mwili unaojisafisha, kwa hiyo zinaweza kudumu zaidi, mpaka kuoza kuziharibu. Ndiyo maana hata aliyeoshwa asikatiwe tamaa. Sampuli ya juu kabisa, karibu na mlango wa kizazi, wakati mwingine hunusurika.

Na jambo wanalolisahau wengi: sampuli ya mume au mpenzi. Ukikuta shahawa, umekuta dalili ya tendo, hujakuta muuaji. Bila kumtoa mpenzi halali kwenye hesabu, jibu la maabara halina kichwa.

#13 Kahawa Chungu
Kashata imenishinda kuanzia hapo kwenye siafu. Narudi kwenye kahawa tupu.

#14 Wakili Bila Joho
Mmepamba sana mochwari. Njooni mahakamani muone vielelezo vizuri vinavyotupwa nje.

Kwanza maelezo ya onyo, yaani yale mtuhumiwa anayoyatoa polisi baada ya kuonywa. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, vifungu vya 50 na 51 kwa namba zilizozoeleka, inampa polisi saa nne za kumhoji mtu tangu alipowekwa chini ya ulinzi, na nyongeza ina utaratibu wake. Muda wa safari hauhesabiwi, lakini lazima uuonyeshe. Mtu anakamatwa Pongwe saa mbili asubuhi, maelezo yanaandikwa saa kumi na moja jioni, na hakuna karatasi inayosema mchana kutwa alikuwa wapi. Yale maelezo yanaweza kuondolewa.

Pili, ripoti ya daktari. Inapokelewa, inapewa namba ya kielelezo, halafu haisomwi kwa sauti mahakamani. Rufani ikifika, inafutwa kwenye kumbukumbu. Au mshtakiwa hakuambiwa kwamba ana haki ya kutaka daktari aitwe ahojiwe. Ushahidi wa mdomo wa daktari unaweza kubaki, ila kama aliishia kusema "ripoti ni yangu" basi hakuna kilichobaki.

Tatu, mnyororo wa vielelezo. Nani alichukua, saa ngapi, akampa nani, alikihifadhi wapi, nani alipeleka Dar, nani alipokea. Bahasha ya vijiti ikikaa siku mbili kwenye droo isiyo na rejesta, hata Mkemia akikuta DNA ya mshtakiwa, swali ni moja: mnajuaje ni bahasha ile ile?

#15 Kipanga wa Chumbageni
Wakili, hapo kwenye mnyororo unatisha watu. Mahakama ya Rufani imeshasema mara kadhaa kwamba kwa kielelezo kisichobadilishwa mkono kirahisi, mnyororo kukatika mahali si lazima uangushe kesi. Panga lenye alama yake si sawa na unga.

#16 Wakili Bila Joho
Kipanga, panga sawa. Kijiti cha pamba kipo kundi gani? Vijiti mia vinafanana kama mapacha. Ndicho cha kuchafuka na kubadilishwa kirahisi kuliko vyote.

#17 Sukari ya Pangani
Mnasumbuka na karatasi. Kule Uingereza, Leicestershire, wasichana wawili waliuawa 1983 na 1986, polisi wakapima DNA wanaume elfu tano wa vijiji vile, wakamnasa mtu wao Colin Pitchfork. Tufanye hivyo Tanga nzima, yaishe.

#18 Mpita Njia wa Korogwe
Sukari, kesi umeitaja vizuri ila umekosea alivyonaswa. Upimaji wa watu wengi ulimkosa. Pitchfork alimshawishi mfanyakazi mwenzake akatoe damu kwa jina lake. Yule mwenzake alikuja kulisema baa, mtu aliyesikia akawaambia polisi, na Septemba 1987 Pitchfork akakamatwa. Ndipo DNA ikalingana. Alifungwa maisha Januari 1988.

Na kabla ya hapo kijana wa miaka 17 alikuwa amekiri kuua mmoja wa wasichana. Alec Jeffreys wa Chuo Kikuu cha Leicester akapima, akakuta shahawa za matukio yote mawili ni za mtu mmoja na mtu huyo si kijana aliyekiri. Kwa hiyo kazi ya kwanza ya DNA kwenye mauaji ilikuwa kumwokoa aliyekiri. Wale wanaofunga jalada pindi maelezo ya onyo yakishasainiwa wautazame mfano huo kwa makini.

#19 Kipanga wa Chumbageni
Kukiri hakutupwi, mkuu. Kunapimwa. Mtu akikueleza kitu ambacho hakikutangazwa, akakupeleka mahali akatoa simu ya marehemu iliyofukiwa, kifungu cha 31 cha Sheria ya Ushahidi kipo kwa ajili hiyo. Sharti ni kwamba mpelelezi awe ameficha kitu. Siku hizi picha ya mwili ipo kwenye makundi ya simu ndani ya dakika kumi: fundo, nguo, mahali, kila kitu. Huyo anayekiri anaweza kuwa ameyasoma alfajiri. Mambo mawili au matatu yabaki kwenye kichwa cha mpelelezi na kwenye jalada, hata mwenyekiti asiyajue.

#20 Mkonge Mbichi
Na "mauaji ya wivu wa mapenzi" ya magazetini mnayaweka kapu gani?

#21 Mpita Njia wa Korogwe
Kapu tofauti, na kuchanganya kunapoteza wiki. Mume aliyeua kwa hasira unamtafuta ndani ya duara la marehemu: simu zake, madeni, ugomvi. Aliyeua kwa tamaa ya kingono anaweza kuwa hamjui kabisa, na duara halimgusi. Mpelelezi akiamua siku ya kwanza kwamba ni mpenzi, atamweka mpenzi ndani, na yule mwingine atapata nafasi ya kurudia.

Hapo tatizo linakuwa ofisini. Yule Peter Sutcliffe, muuaji wa wanawake wa Yorkshire, Uingereza, alihojiwa mara kumi na mbili na bado akaachwa, kwa kuwa kadi zake zilikuwa kwenye makabati tofauti na hakuna aliyeziweka meza moja.

#22 Wakili Bila Joho
Mara tisa. Na siyo kadi tu. Mtu mwingine alituma barua na kanda ya sauti akijifanya muuaji, polisi wakaamini, wakaanza kuwaondoa kwenye orodha watu wasio na lafudhi ya Sunderland. Sutcliffe hakuwa nayo. Alikamatwa Januari 1981 Sheffield, na askari wa kawaida waliotilia shaka namba za gari, akatiwa hatiani kwa mauaji 13. Aliyetuma kanda alipatikana kwa DNA ya bahasha, akafungwa 2006.

#23 Mpita Njia wa Korogwe
Tisa au kumi na mbili, kabati ni lile lile. Uingereza walijenga mfumo wa kompyuta wa HOLMES baada ya aibu hiyo. Sasa tuje kwetu: mtu akitoka Pangani akapita Saadani akaingia Bagamoyo, ametoka mkoa wa kipolisi wa Tanga na kuingia wa Pwani. Majalada mawili, RCO wawili. Nani anayalinganisha?

Cha kulinganisha kinajulikana: alimpataje (kwa ahadi, kwa kuvizia, au kwa nguvu), alimwachia pale pale au alimhamisha, umbali kutoka barabarani, alikuja na kamba au alitumia ya hapo, alichukua nini kisicho na thamani ya fedha, siku na saa. Afrika Kusini, Moses Sithole alikuwa akiwaahidi wanawake kazi, anawapeleka uwandani mchana kweupe. Ahadi ile ya kazi, ikijirudia kwenye maelezo ya ndugu wa marehemu mbalimbali, ndiyo uzi ulioyaunganisha. Mwaka 1997 alitiwa hatiani kwa mauaji 38 na ubakaji 40, kifungo cha miaka 2,410. Mtu akiuliza swali moja tu kwa ndugu wa kila marehemu, "alikuwa anakwenda wapi siku ile na kwa nini?", nusu ya kazi ipo hapo.

#24 Sukari ya Pangani
Basi tuwalete wataalamu wa tabia za wauaji, wale wa FBI. Wanatazama picha wanakwambia muuaji ana miaka mingapi na anaishi na mama yake.

#25 Pamba Kavu
Sukari, hilo la FBI lilianzia kwenye mahojiano na wafungwa 36, wote Wamarekani, wengi wao wakiwa waongo wazuri. Wakagawa wauaji makundi mawili, waliojipanga na wasiojipanga. Mwaka 2004 David Canter na wenzake walipima mgawanyo huo kwa mauaji 100 ya wauaji wa mfululizo, makundi hayakutengana kama yalivyotangazwa. Karibu kila muuaji alikuwa na chembe za kujipanga.

London 1992, mama mdogo aliuawa Wimbledon mbele ya mtoto wake. Mtaalamu akachora sifa za muuaji, polisi wakamwona mwanamume mmoja wa eneo lile anafanana nazo, wakamtegea askari wa kike ajifanye mpenzi wa barua. Jaji akatupa kesi 1994. Muuaji halisi, Robert Napper, alikuja kupatikana kwa DNA na akahukumiwa 2008. Katikati ya muda huo Napper alishaua mama mwingine na bintiye.

Sifa za muuaji zinaweza kukusaidia kupanga foleni ya watu wa kuhoji. Zikishaanza kuchagua mtuhumiwa badala ya ushahidi, kimbia. Na alama za meno weka hapo hapo: taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ilipitia tafiti na kukuta hazina msingi wa kumtambua mtu. Meno yana faida moja, mate. Piga picha bila kugusa, kisha chukua mate kabla ya kingine chochote.

#26 Binti Mvuleni
Na simu? Laini zote zimesajiliwa kwa alama za vidole tangu 2020. Si unaona tu nani alikuwa pale?

#27 Kipanga wa Chumbageni
Dada, mnara hauoni mtu, unaona laini. Na hauonyeshi nukta. Minara mingi imegawanywa pande tatu, kila upande unafunika kipande cha duara. Mjini Ngamiani kipande hicho ni mitaa michache, kwenye mashamba ya mkonge ni kilomita kadhaa. Mnara wa karibu ukizidiwa, simu inashikwa na mwingine. Kwa hiyo kumbukumbu za simu zinafaa kumkanusha anayesema alikuwa Muheza wakati laini yake iko Tanga. Kumweka kwenye mikoko haziwezi.

Chenye faida zaidi ni simu ya marehemu. Namba yake ya tarakimu 15 ipo kwenye boksi au risiti. Laini mpya ikiingizwa, namba ile inaonekana mtandaoni. Anayekutwa nayo si lazima awe muuaji, huenda kainunua kwa fundi, ila unarudi nyuma mkono kwa mkono. Omba taarifa mapema na kwa barua rasmi, na afisa wa kampuni awe tayari kuja kueleza zilivyotolewa kwenye mfumo, maana Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015, kifungu cha 18, inatazama uhalisi wa mfumo wenyewe. Karatasi iliyochapwa bila mtu wa kuisimamia haifiki mbali.

#28 Wakili Bila Joho
Hapo tumekubaliana kwa mara ya kwanza leo. Ongeza gwaride la utambulisho: PGO 232 (kanuni za kudumu za polisi) inataka watu wanane au zaidi kwa mtuhumiwa mmoja, wanaofanana naye umri, kimo na mavazi. Na shahidi awe ameeleza sifa kabla ya gwaride. Picha ya mtuhumiwa ikishasambaa mitandaoni asubuhi, gwaride la mchana ni maigizo.

#29 Jalada Wazi
Nashukuru wote. Bado nashikilia kwangu: Wakili na Kipanga wanagombania vijiti, ila vingekuwepo vikavu na vyenye jina, msingebishana.

#30 Wakili Bila Joho
Vingekuwepo vikavu na vyenye jina, vikaachwa kwenye droo, tungebishana vile vile.

#31 Pamba Kavu
Hata vikiwa vikavu, jina sahihi na rejesta safi, bado. Ujerumani walimsaka mwanamke mmoja kwa miaka. DNA yake ilikutwa kwenye matukio mengi, pamoja na mauaji ya askari wa kike Heilbronn 2007. Mwaka 2009 ikabainika ni ya mfanyakazi wa kiwanda kinachotengeneza vijiti. Vilikuwa tasa, yaani havina vijidudu hai, lakini si kila njia ya kuua vijidudu inafuta DNA. Kwa hiyo anayenunua vijiti vya duka la dawa kwa haraka aweke kimoja kisichotumika kwenye bahasha yake, kiende maabara pamoja na vingine. Bei ya kijiti kimoja.

Na kwa yule aliyeoshwa kabla polisi hawajajua, kuna hatua ngumu zaidi: kila aliyeshika mwili atoe sampuli ya kuondolewa kwenye hesabu. Waosha maiti, wachukuzi, daktari mwenyewe.

#32 Ustadh wa Makorora
Pamba Kavu, uende Makorora ukawaambie akina mama wa kuosha maiti kwamba unataka mate yao kwa ajili ya kesi ya mauaji? Utarudi na ndoo kichwani. Anza na mume wa mwenye nyumba, wao uwaendee ukiwa na bibi wanayemheshimu, na karatasi inayosema wazi sampuli itatumika kwa nini na itaharibiwa lini.

#33 Kahawa Chungu
Ndoo ya maji ya mkunazi au ya kafuri?

#34 Ustadh wa Makorora
Ya mwanzo, shekhe. Kafuri ni ghali.